Herufi za Risasi na Lugha za Bonde la Ufa

Historia ya maandishi katika Bonde la Ufa aghalabu huelezwa kuwa historia ya misheni na shule. Ni nadra kutajwa chombo kilichoamua sura ya maandishi hayo, yaani sanduku la herufi la mpiga chapa.

Sanduku hilo liligawanywa vyumba vingi, na kila chumba kilihifadhi umbo moja la herufi ya risasi. Seti iliyopimwa kwa Kiingereza ilikuwa na e nyingi kuliko herufi nyingine zote. Kiswahili, ambacho maneno yake mengi huishia kwa irabu, hudai a kwa wingi, pamoja na k na w, ilhali q na x hukaa bure. Upungufu wa idadi uliweza kuondolewa kwa kununua herufi zaidi. Upungufu wa maumbo ulikuwa jambo zito zaidi, kwani sauti isiyo na chumba sandukuni haikupata mahali ukurasani. Taipureta za maofisini ziliukaza utaratibu huo: i nyembamba na m pana zilipewa nafasi sawa, kama miraba ya daftari la hesabu.

Kiswahili kilijinusuru kwa kuunganisha herufi zilizokuwapo, kama katika ch, sh na ny. Hata hivyo, ni ritifaa pekee inayotenga ngoa, yaani wivu, na ng'oa, yaani kutoa kitu kwa mizizi yake.

Lugha jirani hazikuwa na bahati hiyo. Sarufi ya Kimaasai ya Tucker na Mpaayei, iliyotolewa mwaka 1955, ilibainisha irabu 9. Sanduku la kawaida lilikuwa na 5. Ziwa ambalo Wamaasai huliita Enaiposha lilikwisha kuandikwa Naivasha na wasafiri wa karne ya 19, na reli, iliyofika Nakuru mwaka 1900, ikalikaza jina hilo kwa vibao vya stesheni. Gĩkũyũ, lugha isemwayo na wengi Nakuru, Njoro na Molo, ina irabu 7, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Jina la lugha yenyewe lina alama 3. Zikiachwa, msomaji hulazimika kukisia irabu ambayo mwandishi aliijua barabara.

Tangu miaka ya 1990 herufi hizo mbili zimo katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Risasi, basi, haiwezi kulaumiwa tena. Lakini mazoea yaliyozaliwa na uhaba yameudumu uhaba wenyewe, na alama zingali zikiachwa katika vibao na barua. Mwanafunzi anayezoea kuiona lugha yake bila alama hizo huweza kudhani kwamba ni pambo tu, na kumbe zilikuwa sehemu ya neno.