Somo la 14: Shule Fupi za Kompyuta, Zilivyoanza na Jinsi ya Kuzipima

Somo la leo limetokana na swali. Juma lililopita nilitembelea darasa moja la jioni, na mama mmoja akasimama, akasema: "Mwalimu, kijana wangu ataka nimlipie shule ya kompyuta. Asema ni miezi minne tu, kisha atapata kazi. Nina ng'ombe wawili. Je, niwauze?" Sikumjibu siku ile. Swali la ng'ombe wawili si la kujibiwa mlangoni.

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Kompyuta hufanya yale tu iliyoamriwa. Amri hizo zikiandikwa kwa utaratibu huitwa programu, na shule hizi hufundisha ufundi wa kuziandika.

Wengi hudhani kwamba shule hizi ni jambo jipya. Sivyo. Katika miaka ya 1960, huko Marekani, makampuni yalinunua kompyuta nyingi kuliko mafundi waliokuwapo. Mara zikazuka shule za watu binafsi, zikitangaza kazi nzuri kwa kila atakayesoma miezi michache. Nyingine hazikuwa na kompyuta hata moja ya kujifunzia! Kwa shule kama hizo, aliyefaulu mtihani wa kuingia alikuwa yule mwenye ada mkononi.

Jambo hilo lilirudi mwaka 2012. Katika mji wa San Francisco ilifunguliwa shule iitwayo Dev Bootcamp. Jina hilo lina maana ya kambi ya makuruta, yaani mahali askari wapya wanapofunzwa mbio mbio tangu alfajiri. Mwanafunzi alisoma kutwa kwa majuma machache, akalipa zaidi ya dola 10,000. Waliotangulia walipata kazi, sifa zikaenea, na shule nyingine nyingi zikafuata. Lakini mwaka 2017 shule hiyo hiyo ilifungwa, kwa kuwa mapato yake hayakutosha gharama. Basi shule kuwa ya kwanza si dhamana ya kudumu.

Sasa chukua kalamu, tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi walipopotea. Shule yatangaza: "Katika kila wanafunzi wetu 100, 80 wamepata kazi." Wewe uliza: 100 gani? Tuseme walioanza ni 100. Kati yao 30 waliacha njiani. Wengine 20 hawakujibu barua, shule ikawatoa katika hesabu. Wakabaki 50. Kati ya hao 50, 40 wana kazi. Arobaini katika 50 ni sawa na 80 katika 100, na tangazo halikusema uongo. Lakini waliolipa ada ni 100, na wenye kazi ni 40 tu. Tena, huenda 10 kati ya hao waliajiriwa na shule yenyewe kuwasaidia walimu kwa muda mfupi. Rudia hesabu hii mpaka uizoee.

Mambo ya namna hii yalifika mbele ya sheria. Mwaka 2017 Flatiron School ya New York ilikubali kulipa dola 375,000 baada ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo kuilaumu. Ilikuwa imetangaza kwamba 98.5 katika 100 walipata kazi, bila kueleza wazi kwamba ndani yake wamo wanagenzi na wenye vibarua. Mwaka 2024 idara ya serikali ya Marekani inayowalinda wakopaji iliiadhibu shule nyingine, iliyojulikana zamani kwa jina la Lambda School. Shule hiyo ilisema, "Soma sasa, utalipa ukipata mshahara," tena ikasema huo si mkopo. Idara ikaona kwamba ni mkopo hasa, na kwamba matangazo ya 71 hadi 86 katika 100 yalikuwa mbali na hesabu za ndani, zilizokaribia 50 na mara nyingine zikashuka hadi 30.

Na huku kwetu? Nairobi ilipata Moringa School mwaka 2014. Mwaka huo huo Andela ilianza Lagos, ikaja Nairobi mwaka uliofuata. Hiyo haikutoza ada. Iliwalipa vijana huku wakijifunza, nami naona huo ulikuwa mpango wa heshima. Hata hivyo, mwaka 2019 iliwaachisha kazi chipukizi kiasi cha 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa kuwa wateja walitaka mafundi wazoefu. Kosa halikuwa la vijana. Soko lilikuwa limebadilika wakati wao wakisoma.

Kwa hiyo nilimrudia yule mama nikiwa na maswali ya kumpa kijana wake ayapeleke shuleni. Walioanza darasa lililopita walikuwa wangapi, na leo wako wapi? Je, naweza kuzungumza na watatu kati yao, nitakaowachagua mimi? Nikiugua mwezi wa pili, ada yangu itarudi? Nikaongeza kwamba kwanza ajaribu masomo ya bure katika intaneti kwa majuma sita, ajue kama anaipenda kazi yenyewe au mshahara wake tu.

Kijana amekwenda shule mbili. Ya kwanza ilimpa karatasi ya rangi yenye picha za watu wanaocheka. Ya pili ilimwonyesha daftari la majina. Ng'ombe wangali zizini, na majuma sita yameanza kuhesabiwa.