Picha ya Sisibo Iko Wapi?

Wasee, mnakumbuka Agosti 2024? Tarehe 15 Rais Ruto alikuja kutoa hati, Eldoret ikawa jiji la tano Kenya, na kila mtu akaposti kitu. Mimi nikasema natengeneza bango: Eldoret ya kale juu, ya leo chini. Kazi ya wikendi moja tu, nilidhani.

Shida ya kwanza ni laptopu. RAM GB 4. Nikifungua Photoshop feni inalia kama poshomili, halafu kila kitu kinaganda. Shida ya pili ni picha zenyewe. Nyingi nilizopata mtandaoni zilikuwa na upana wa pikseli 640. Bango la A3 likichapishwa vizuri, pikseli 300 kwa inchi, linataka upana wa 3508. Ile ya 640 inakupa sentimita 5.4, yaani upana wa kiberiti. Ukiivuta inakuwa uji.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni nani alikuwa kwenye hizo picha. Magari ya ng'ombe, Makaburu, nyumba za mabati. Ni kweli walikuja: 1908 msafara wa Jansen van Rensburg ulipanda huku kutoka Nakuru, zaidi ya watu 200. Posta ikafunguliwa 1910 kwenye Shamba namba 64, ndiyo maana wazee mpaka leo wanaita mji Sisibo, yaani "sixty-four" kwa ulimi wa Kinandi. Jina Eldoret likaja 1912, reli 1924. Ila msafara ulifika miaka mitatu tu baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa, Oktoba 1905, na upinzani wa Wanandi kuvunjwa. Hiyo sehemu haiko kwenye posti za "Eldoret ya zamani ilikuwa safi sana".

Ukitaka picha nzuri, nenda mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, kama 1860 hadi 1960, na unaziangalia bure. Nilishinda huko usiku mbili. Mzungu ana jina kamili kwenye maelezo. Wetu mara nyingi ni "wenyeji", basi.

Usiku wa tatu laptopu ikazima. Fundi akaigusa diski, akatikisa kichwa: imekufa. Faili zote zikaenda, na sikuwa na nakala hata kwa flashi. Picha za 1908 ziko salama Illinois, kazi yangu ya wiki haiko popote. Nilicheka kwa uchungu.

Nikaenda kwa kogo kujipumzisha. Nilipomwambia natafuta nini, akatoa mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Ndani, picha ya 1971: yeye na marafiki wawili mbele ya duka mjini, viatu vipya, mmoja anacheka hadi amefumba macho. Upana inchi tatu na nusu. Saiba waliiskani kwa 1200, nikapata pikseli 4200. Inatosha A3 na chenji inabaki.

Kuhusu hakimiliki, msidanganywe kwamba ikiwa ya zamani ni ya bure. Sheria ya Kenya inalinda picha miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, ule wa baadaye zaidi. Muhuri wa studio nyuma umefutika, kwa hivyo bado namtafuta aliyeipiga.

Kogo hakuuliza habari za bango. Aliuliza kitu kimoja: "Utaandika majina yetu?" Yako chini kulia, yote matatu.

Kama kwenu kuna mkebe wa picha za mjini za kabla ya 1980, niandikie. Pesa ya skana natoa mimi. Na tafadhali, weka nakala mbili.