Kutoka Malisho ya Piyaya hadi Mahakamani

Juni 2022, askari walisimamia uwekaji wa vigingi vya mipaka kwenye kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, malisho ya Piyaya yakiwamo. Vijiji vya eneo hilo vya Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash vilikuwa vimeishtaki Serikali ya Tanzania tangu 2017 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, vikilalamikia kuchomewa maboma. Wapo wasemao kushtaki dola ni kazi bure, kwani Septemba 2022 kesi ilitupwa kwa upungufu wa ushahidi. Lakini Novemba 2023 majaji wa rufaa waliamuru isikilizwe upya. Kikwazo kikubwa, basi, ni ushahidi: hata aliyejeruhiwa na askari kwa kawaida huthibitisha majeraha yake kwa PF3, fomu inayotolewa na polisi wenyewe. Kwa hiyo, malalamiko dhidi ya polisi yapokelewe na chombo kisicho cha polisi.