Chuo Chetu Kimetawanyika

Ukutani kwa bibi yangu, Usangi, kulikuwa na gazeti. Nasema kulikuwa, na sababu utaiona.

Nilikuwa darasa la tano, nimepandishwa mlimani likizo. Jikoni kwa bibi ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na penye nyufa mtu wa zamani alibandika karatasi kwa uji kuzuia upepo. Moshi ulikuwa umekula kila kitu, zikabaki herufi chache za kichwa: RI ZA UPA. Nikauliza. Bibi akacheka, akanimalizia: "Habari za Upare. Mama yangu kajifunzia kusoma hilo, mjukuu wangu."

Basi. Nikarudi kucheza.

Miaka ikapita. Kidato cha nne nikamaliza, nikateremka mjini kama vijana wengine, na ugonjwa wa kuandika ukanipata. Mwenzangu wa kalamu unaujua ugonjwa huo. Nikapanga riwaya yangu ianzie kwenye ule ukuta. Nikapanda basi mpaka Mwanga, nikadandia gari la mlimani, nafika... nakuta matofali! Wajomba wamemjengea mama yao nyumba ya maana. Ukuta ulivunjwa, udongo ukamwagwa kwenye migomba, gazeti limo humohumo. Simlaumu mtu. Bibi kapata nyumba, halafu mimi mwenyewe ndiye niliyeliona gazeti nikaenda kucheza.

Lakini swali halikuniacha nilale. Gazeti linataka watu watatu: wa kuandika, wa kuchapa na wa kutunza. Hawa wetu walifundishiwa wapi kazi? Na mbona yule wa tatu hakufika Usangi?

Wenzetu Wajerumani, pale Stuttgart, mwaka 2001 walikichukua chuo cha uchapaji na habari, wakakichukua na chuo cha ukutubi, wakaviunganisha kikawa kimoja. Uandishi, uchapaji na maktaba chini ya paa moja. Sisi chuo hicho tunacho pia, ila kimetawanyika nchi nzima, tena kila kipande kina umri wake.

Kipande cha kwanza kilikuwa Unguja. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walifika na Askofu Tozer mwaka 1864, na pamoja naye alikuwapo Edward Steere, mtu wa vitabu. Wakaweka mtambo wa kuchapia. Waliofundishwa kupanga herufi za risasi walikuwa vijana waliotolewa utumwani. Hebu fikiri! Mtoto kakamatwa bara, kauzwa, kanusurika, halafu kidole chake kinapanga neno la Kiswahili herufi kwa herufi, tena kinyumenyume kama kwenye kioo. Mwaka 1888 shule ya Kiungani ikatoa gazeti lake la Kiswahili, Msimulizi. Hakuna aliyeiita chuo cha uandishi wa habari, lakini kazi iliyofanyika pale ilikuwa ileile.

Kipande cha pili kikawa Tanga. Shule ya serikali ya Mjerumani ilikuwa na karakana ya uchapaji, na humo likatoka gazeti la Kiongozi, lililoendelea hadi mwaka 1916, wakati wa vita. Zingatia na reli. Ilianzia Tanga, ikapita chini ya milima yetu, ikafika Moshi mnamo 1911. Kwa hiyo Same ikawa kituo. Karatasi iliyochapwa pwani sasa iliweza kufika tambarare ya Upare kwa gari moshi, ikisubiri mtu wa kuipandisha mlimani kwa miguu.

Na huko mlimani? Mwaka 1903 wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani walifika Upare ya Kusini, upande wa Mamba. Mmisionari mwenzao, Ernst Kotz, alikaa na Wapare akaandika sarufi ya Chasu. Ilichapwa mwaka 1909. Wapi? Berlin! Agano Jipya la Chasu nalo likatoka mwaka 1922, halikuchapwa mlimani. Maneno ya babu zetu yalivuka bahari kwenda kuvalishwa wino, yakarudi yakiwa kitabu. Aliyeyasema hakuuona mtambo.

Sasa ndugu msomaji, usije ukadhani Wapare walikaa wakisubiri kuandikiwa. Serikali ya Mwingereza ilipoleta kodi ya kupanda ngazi kulingana na mali, ikiitwa mbiru, watu waligoma. Januari 1945 maelfu yao walishuka milimani wakapiga kambi pale Same, kwenye makao makuu ya wilaya. Hawakuja na mapanga. Walikaa, wakaimba, wakangoja jibu, na wakaandika malalamiko yao kwa wakubwa. Mwaka uliofuata akina mama nao wakaingia. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Hapo watu walionja nguvu ya kauli iliyowekwa kwenye karatasi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1949, ikaanza kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika Upare. Mama yake bibi alikuwa mmoja wao. Lakini mtu akijua kusoma atasoma nini? Ukimpa herufi usimpe karatasi, baada ya mwaka kasahau. Ndipo miaka ya 1950 likawapo Habari za Upare, kama vile Wachaga walivyokuwa na Komkya yao pale Moshi kuanzia 1953. Magazeti ya nyumbani, ya kahawa, ya barabara, ya baraza. Hayakuwa makubwa, lakini aliyekuwa ndani yake ni jirani yako.

Kufika hapo, Mpare alikuwa na mwandishi na msomaji. Mtunzaji je?

Mtunzaji alichelewa. Bodi ya kusimamia maktaba za Tanganyika iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Mwaka huohuo Makerere, Uganda, kikafunguliwa chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki nzima. Kijana wa Same aliyetaka kazi ya vitabu ilibidi azunguke ziwa. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Chuo chetu wenyewe cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kikaja kukaa Bagamoyo mwishoni mwa miaka ya 1980.

Upande wa habari, serikali ilianzisha Chuo cha Uandishi wa Habari Dar mwaka 1975, na mwaka 2003 kikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kule Mwanza, chuo cha Nyegezi kilichoanzishwa na mapadri mwaka 1960 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, na wengi unaowasikia redioni wamepita hapo.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Msimulizi hadi chuo cha Bagamoyo ni kama miaka mia moja. Karne nzima tulikuwa na watu wa kuandika na wa kuchapa, huku kazi ya kutunza ikiachiwa mchwa, moshi na wauza karanga. Katika karne hiyo ndimo lilimozaliwa gazeti la jikoni kwa bibi.

Wapo waliookoa. Profesa Isaria Kimambo, Mpare wa hukuhuku, miaka ya 1960 alipanda na kushuka milima hii akiwasikiliza wazee, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare. Baadaye akaiandika na mbiru. Wazee wale wamekwisha kulala. Maneno yao yapo kwa sababu aliyeyasikia aliyaandika, mchapaji akayachapa, maktaba ikayaweka rafuni. Kimoja kingekosekana, nisingekuwa na la kukusimulia leo.

Ndiyo maana wenzangu nawaomba kitu kidogo. Haka kajarida kakitoka, msikasome mkakafungie vitumbua. Sheria ya maktaba ya mwaka 1975 inataka mchapishaji apeleke nakala Maktaba Kuu. Tupeleke, hata kama ni kurasa ishirini za kubana pini. Andikeni tarehe na mahali juu ya kila hadithi. Tusijidharau. Aliyebandika gazeti ukutani naye alidhani ni karatasi tu.

Mimi safari ile sikurudi mikono mitupu. Nilinunua kauntabuku pale Mwanga, nikakaa na bibi jioni tatu mfululizo, taa katikati yetu. Nilimuuliza mama yake alisoma vipi. Akasema alikuwa akisoma kwa sauti, kidole juu ya neno, na majirani wasiojua kusoma wakija kusikiliza wanaleta kuni.

Nimeliandika hilo. Juu yake nimeweka tarehe, na chini: Usangi.