Hisani na Ujira: Walemavu wa Akili Kariakoo

Azimio la Arusha la 1967 liliwahesabu vilema, pamoja na watoto na wazee wasiojiweza, kati ya watu wanaoweza kuishi kwa jasho la wenzao bila kuitwa wanyonyaji. Ni sawa kabisa. Lakini katika nyumba za Kariakoo, ambako wapangaji hutumia uani mmoja, mlemavu wa akili aliyefikia utu uzima mara nyingi hakukaa bure: alichota maji, alibeba mizigo ya sokoni, akapewa sahani ya chakula. Sisi tuliita hisani. Je, hapo nani alimnyonya nani? Sheria ya 1982 iliwadai waajiri wa watu 50 na zaidi asilimia 2 ya nafasi za kazi. Ya 2010, asilimia 3 kwa waajiri wa watu 20. Genge la sokoni lina watu wawili.