Utingo, Gogo na Diski za Breki

Jumatatu moja, saa moja asubuhi, nilipita mstari wa zebra pale Mtongani kwa urefu wa gari zima. Mtoto wa shule aliyekuwa ameshaweka mguu mmoja barabarani aliurudisha, akaniangalia, kisha akavukia nyuma ya gari kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimekanyaga breki mapema. Pedali ilitetemeka, usukani ukatetemeka, na Suzuki Escudo aliyotuachia marehemu mama ikasimama pale ilipotaka yenyewe.

Jioni yake fundi wetu hapa Kunduchi alifungua tairi la mbele akanionyesha diski. "Hii imeshakerezwa mara mbili, dogo. Imeisha." Kwenye ukingo wa diski kuna namba ndogo zilizogongwa kiwandani: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Yetu ilikuwa imeshashuka chini ya hapo. Kila unapoipeleka diski kukerezwa ili inyooke, unapunguza chuma, na chuma hicho ndicho kinachobeba joto.

Akanipa njia tatu: diski zilizotumika kutoka Ilala, diski mpya za kawaida, au diski mpya zenye matundu na mifereji, za bei ya juu. "Wewe unakwenda Lushoto kwenye utafiti wako, unaingia matope huko. Chukua za matundu." Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Ugonjwa wetu ni kwamba hatuwezi kununua kitu kabla ya kuuliza kilikotoka.

Wazo la diski ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1902 Frederick Lanchester, mhandisi wa Birmingham, alipata hataza ya breki inayobana sahani ya chuma kutoka pande mbili. Pedi zake zilikuwa za shaba na zilipiga kelele vibaya. Kwa miaka mingi iliyofuata dramu ndiyo ilitawala: kiatu ndani ya ngoma ya chuma, kikisukumwa nje.

Dramu ina udhaifu mmoja mkubwa. Ikipata moto inatanuka, inakimbia kiatu chake, na dereva anakanyaga mpaka chini bila jibu. Ikiingia maji au matope, inayahifadhi ndani.

Udhaifu huo niliujua kabla sijausoma popote, kwa sababu babu mzaa mama alikuwa utingo. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini haitegemeki. Mafuta yakaanza kwenda huko kwa malori kutoka Dar es Salaam, na shaba ikarudi kwa njia hiyohiyo. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo. Madereva wa Kizungu waliipa jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Kabla ya hayo yote, palikuwa na vijana kama babu.

Kazi yake aliieleza kwa sentensi moja: "Mimi ndiye nilikuwa breki." Lori likishuka Kitonga na shaba mgongoni, yeye alisimama kwenye ngazi ya mlango, gogo mkononi. Dereva akipiga honi mara mbili, anaruka, anakimbia sambamba na gari, anatupa gogo mbele ya tairi, kisha anaruka pembeni. Rafiki yake mmoja hakuwahi kuruka pembeni. Babu hakulitaja jina lake, na mimi sikuliuliza. Nilipokuja kujua kwamba majina ya aina hiyo ndiyo historia yenyewe, babu alikuwa ameshazikwa.

Diski ilikuwa imeshashinda Ulaya wakati huo. Mwaka 1953 Jaguar C-Type yenye breki za diski ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, na mwaka 1955 Citroën DS ikaja na diski za mbele kwa mnunuzi wa kawaida. Lakini Land Rover na malori yaliyofanya kazi kwetu miaka ya 1960 yalikuwa ya dramu.

Na matundu je? Pedi za zamani zikichemka zilitoa gesi, ikakaa kati ya pedi na diski. Matundu yaliipa pa kutokea. Pedi za siku hizi hutoa gesi kidogo sana. Kwa gari la kila siku, tundu ni mahali pa mchanga kujificha na pa ufa kuanzia. Mifereji inasaidia kufagia matope, ila inakula pedi upesi. Uzito ndio unaosaidia zaidi. Escudo yenye abiria, tuseme kilo 1,300, ikisimama kutoka kilomita 80 kwa saa hutoa joto la kutosha kuchemsha takriban lita moja ya maji. Joto hilo linahitaji chuma kinene cha kukaa.

Nikachagua diski mpya za kawaida, zenye unene kamili, na pedi nzuri zisizo na asbestosi. Hilo la mwisho ndilo nililolisisitiza. Kwa miongo mingi pedi na viatu vya breki vilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia 2005, Afrika Kusini 2008. Pedi isiyo na maandishi, inayouzwa kwenye mfuko wa nailoni, haikwambii imetengenezwa na nini.

Fundi alikuwa ameshashika bomba la upepo apulize vumbi la zamani. Nikamwomba asubiri. "Tulowanishe kwanza, fundi. Hili vumbi si zuri kwa kifua."

Akanitazama. "Miaka ishirini napuliza, dogo."

"Ndiyo maana."

Alinyamaza kidogo, kisha akamtuma kijana wake ndoo ya maji. Kijana yule ana miaka kumi na saba hivi, ndiye hushika taa wakati mzee anapuliza. Vumbi likashuka chini kama tope jeusi, wakalifuta kwa tambara, wakalitupa.

Kabla ya giza nilitoka kuzilainisha pedi mpya: kilomita 50 kwa saa, nakanyaga taratibu, naachia, narudia, bila kusimama kabisa. Asubuhi diski zilikuwa na kutu jepesi la rangi ya chungwa, hewa ya chumvi ya Kunduchi haimsubiri mtu. Breki za kwanza tatu zikaifuta.

Pale Mtongani nilisimama mita mbili kabla ya mstari. Watoto walivuka. Hakuna aliyegeuka kuniangalia.