Barakoa Niliyoifua

Mwaka 2020 nilifua barakoa ya N95 kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mara mbili, nikaianika kambani pamoja na soksi. Ilikauka ikiwa nyeupe, safi. Nikajisifu. Kumbe nilikuwa nimeiua.

Wengi wetu tunadhani barakoa hufanya kazi kama chujio la chai: tundu dogo, chembe kubwa, basi. Ingekuwa hivyo tu, kitambaa cha kuzuia chembe za mikroni 0.3 kingekuwa kizito hata mtu ashindwe kuvuta pumzi. Siri iko kwenye mchezo wa utotoni: pitisha sega la plastiki kwenye nywele kavu, kisha lisogeze karibu na vipande vya karatasi. Vitarukia. Nyuzi za ndani ya N95 zimetiwa chaji ya umeme iliyonaswa humo humo, na chembe nyingi zinazopita karibu huvutwa zikaganda.

Wazo ni la zamani. Mwingereza Oliver Heaviside alibuni jina "elektreti" katika karne ya 19, kwa kitu ambacho kingehifadhi umeme kama sumaku inavyohifadhi nguvu yake. Jina lilitangulia, mtoto akaja baadaye: Mjapani Mototaro Eguchi aliyeyusha nta na utomvu, akaviacha vigande katikati ya umeme mkali, na mwaka 1925 akachapisha habari zake kwa Kiingereza. Nyuzi zilitoka kwingine. Katika miaka ya 1950, kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, Van Wente alipuliza plastiki iliyoyeyuka kwa hewa ya moto hadi ikatoka nyuzi nyembamba kuliko mikroni moja.

Waliokutanisha nyuzi na umeme ni wengi. Mimi nampenda Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Tennessee, yeye na wenzake walipata njia ya kuitia chaji polipropilini kwa umeme wa volti nyingi. Hataza ilitoka 1995, mwaka ule ule Marekani ilipoweka kanuni zilizoleta jina N95: inazuia angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio, na N inaonya kwamba haihimili mafuta.

Halafu ikaja korona. Tsai alikuwa amestaafu. Barakoa zikaadimika, na wauguzi wakalazimika kurudia kuvaa kitu kilichotengenezwa ili kitupwe. Swali walilompelekea lilikuwa la kawaida kabisa: tuisafisheje? Mzee akageuza nyumba yake kuwa maabara. Aliziweka kwenye oveni, akazianika juani, akazifukiza kwa mvuke, akazifua kwa sabuni.

Joto kavu la nyuzijoto 70 liliiacha chaji salama. Kuipumzisha barakoa siku kadhaa, virusi vife vyenyewe, nako kulifaa. Sabuni na spiriti, vitu ambavyo mkono wa muuguzi huvikimbilia kwanza, ndivyo vinavyofuta chaji. Nyuzi hubaki, huzuia kidogo, na kwa macho huoni tofauti yoyote.

Yangu niliivaa wiki mbili zaidi, ndani ya daladala iliyojaa, nikiwa na amani kabisa.